Gogo Lioze, Lango Lisifungwe

Nyinyi wa Tanga na Mombasa, wa Kigoma na Bujumbura, wa Bukavu na Goma, na nyinyi ndugu zetu mlio ughaibuni kwenye baridi za watu, karibuni tuketi pamoja kwa muda huu mfupi.

Leo tunakwenda matembezini. Tunakwenda Richmond Park, kusini-magharibi mwa jiji la London, kwenye hifadhi kongwe ya ayala na miti. Baadhi yenu mlioko London mnaipita kwa basi kila wiki, mnaiona dirishani, na hamjashuka hata mara moja. Na wewe uliyeko nyumbani, huenda siku moja ukaalikwa na mwanao anayeishi kule, naye asubuhi ya kwanza akakuuliza: mama, leo nikupeleke wapi? Nataka siku hiyo uwe na jibu.

Lakini kabla hatujaingia getini nina swali. Una shamba. Usiku wa mvua mti mkubwa umeanguka humo. Asubuhi utaufanya nini? Jibu mnalo. Wa shoka atakuja na shoka, wa mbao atakuja na msumeno, na kabla ya mwezi kwisha hata vijiti vya kuwashia moto vitakuwa vimeokotwa vyote. Mti ukiachwa pale pale mpaka uoze, majirani wataanza kuuliza kama mwenye shamba anaumwa, au kama kuna kesi ya mirathi.

Sasa ingia Richmond Park. Jambo la kwanza litakalokushangaza ni magogo. Yamelala kila upande, mengine manene kiasi cha mtu mzima kujificha nyuma yake. Yameota uyoga, magamba yamebanduka, ndani yamelika yakawa unga. Na hakuna aliyeyasahau. Yameachwa kwa makusudi. Hata mti mkongwe ukifia wima huachwa wima, ila tu ikionekana utawaangukia watu.

Kwa nini waache mali ioze? Hili ndilo ninalotaka tulielewe leo, kwa hiyo tusilipite haraka. Mti unaooza una wakazi. Kuna mbawakawa mmoja mkubwa, labda ndiye mkubwa kuliko mbawakawa wote wa nchi ya Uingereza, ambaye dume lake lina taya ndefu zilizochomoza mbele mfano wa pembe. Jike hutaga mayai chini, penye mti uliooza unaogusana na udongo. Mayai yakianguliwa, mabuu hula ule mti uliooza, polepole, kizani, miaka 3 mpaka 7. Umenisikia? Miaka 3 mpaka 7 chini ya ardhi. Kisha siku moja ya kiangazi hutoka akiwa na mbawa, huruka jioni, hutafuta mwenzi, na baada ya wiki chache maisha yake yamekwisha.

Fikiria basi. Mtu akija leo akabeba gogo moja kupamba bustani yake, hakubeba gogo. Amebeba kizazi cha viumbe kilichokuwa kimengoja miaka mitano kuliona jua. Mbawakawa huyu amepungua sana sehemu nyingi za Ulaya kwa sababu hiyo hiyo: watu walipenda usafi. Misitu ilifagiliwa, visiki viling'olewa, na yeye akakosa pa kutaga. Richmond imelindwa kisheria kwa ajili ya mambo mengi, na yeye ni mmojawapo. Mwaka 2000 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya viumbe na mimea, na miti hii inayooza ni sehemu kubwa ya sababu.

Na si miti inayooza tu. Iliyo hai nayo inatisha kwa uzee. Mingi ni mialoni. Mmoja wao, unaojulikana kwa jina la Royal Oak, unakadiriwa kuwa na miaka 750 hivi. Kama makadirio hayo ni sawa, basi Ibn Battuta aliposhuka Kilwa mwaka 1331, mwaloni huu ulikuwa tayari umesimama hapa. Ukiuzunguka utakuta shina limepasuka, ndani ni pango, na bado juu unatoa majani mabichi. Simama hapo kidogo. Usisogee karibu na shina, maana udongo unaozunguka mizizi ukikanyagwa sana hushindiliwa ukawa mgumu, na mizizi inakosa hewa na maji.

Mtaona pia kwamba mialoni mingi ya zamani ni mifupi na minene, na matawi yote yanaanzia juu kidogo ya kichwa cha mtu. Hiyo ni kazi ya mikono. Watu wa kale walikuwa wakiukata mti kwa juu, wakiacha shina refu kuliko mdomo wa mnyama unapofikia. Machipukizi yakitoka, ayala hawayafikii. Baada ya miaka kadhaa watu wanarudi, wanakata fito na kuni, na mti unachipua tena. Na ajabu ni kwamba mti unaokatwa hivyo huishi miaka mingi zaidi kuliko ulioachwa ukarefuka, kwa sababu hauelemewi na matawi yake wala hausukumwi sana na upepo. Mimi nikiitazama miti hiyo huwa nawawaza wale wakataji, ambao majina yao hayakuandikwa popote, waliojua kuvuna bila kuua.

Haya. Tumeingia, tumeona magogo, tumeona mialoni. Ayala je? Tutawafikia. Kwanza nieleze mahali hapa palivyopatikana, maana bila hadithi hiyo utatembea pale bila kujua ni nani wa kumshukuru.

Mwaka 1625 tauni iliingia London. Mfalme Charles wa Kwanza akakimbia na watu wake, akahamia jumba lake la Richmond. Alipenda kuwinda. Akaona ardhi ya vilima karibu na jumba, yenye malisho, mashamba na vichaka, akaitamani iwe uwanja wake wa kuwindia. Lakini ardhi ile ilikuwa na watu. Walikuwapo wakulima, walikuwapo wachungaji, zilikuwapo njia za kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Mwaka 1637 mfalme akaizungushia ukuta wa matofali, ukuta wa takriban kilomita 13. Wenye ardhi walilipwa, lakini wengi hawakuridhika, na kuna waliokataa mpaka dakika ya mwisho. Ili kupoza hasira, mfalme akaacha njia za miguu zipite ndani, watu waendelee kukatiza na kuokota kuni.

Shikeni hapo: njia za miguu ziliachwa wazi. Tutazihitaji.

Mfalme mwenyewe hakuifaidi sana. Aligombana na bunge lake, vita vikazuka, na mwaka 1649 akakatwa kichwa. Hifadhi ikapewa watu wa Jiji la London, na ufalme uliporudi mwaka 1660 wakamrudishia mwanawe, Charles wa Pili. Miaka ikapita. Mwaka 1751 usimamizi ukamwangukia binti wa mfalme mwingine, Princess Amelia, mtoto wa George wa Pili. Naye akaamua kwamba hifadhi ile ni ya kwake na marafiki zake. Milango ikafungwa. Mwenye kutaka kuingia, awe na kibali. Na vibali havikutolewa kwa kila mtu.

Mngefanya nini? Kuna watu walilalamika. Kuna walioandika barua. Na kuna mtu mmoja, John Lewis, aliyekuwa akitengeneza bia hapo Richmond, ambaye alikwenda akasimama langoni.

Alikwenda lango la East Sheen akiwa na rafiki yake, akangoja. Gari la farasi lenye kibali likaja, lango likafunguliwa, naye akafuata nyuma. Bawabu, mwanamke aliyeitwa Martha Gray, akamzuia na kumwuliza kibali chako kiko wapi. Lewis akajibu kwamba hahitaji kibali kupita njia ambayo ni haki ya watu wote. Bawabu akalifunga lango mbele ya uso wake. Hilo ndilo Lewis alilokuwa akilitaka: azuiwe, tena mbele ya shahidi. Akaenda mahakamani.

Kesi ilichukua miaka. Tafadhali msimwone Martha Gray kuwa ndiye mbaya. Alikuwa mfanyakazi, na nyuma yake alikuwa amesimama binti wa mfalme. Kumshtaki bawabu maana yake ilikuwa kumshtaki Amelia, na kumshtaki Amelia wakati baba yake yuko kwenye kiti cha ufalme halikuwa jambo dogo kwa mtengeneza bia. Lakini mwaka 1758, mbele ya jaji Michael Foster, Lewis akashinda. Mahakama ikasema watu wana haki ya kupita kwa miguu.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Inasimuliwa kwamba jaji alimwuliza Lewis: haki yako umeipata, sasa unataka uwekewe mlango, au ngazi ya kuvukia ukuta? Lewis akafikiri. Mlango ni rahisi zaidi, mtu anasukuma anaingia. Lakini humo ndani kuna ayala, na mlango lazima ufungwe ili wasitoroke. Na mlango unaofungwa leo kwa komeo, kesho utafungwa kwa kufuli. Akachagua ngazi. Ngazi haina kufuli.

Mnaona akili ya mtu huyo? Hakutazama siku ya leo tu. Alijiuliza aliyeshindwa atatafuta njia gani ya kumrudisha nje.

Na kweli ilitafutwa. Ngazi zilipojengwa, vipandio viliwekwa mbalimbali mno, kiasi kwamba mtoto na mzee hawakuweza kupanda. Lewis akarudi kwa jaji yule yule. Na jaji, ambaye alikuwa amejionea mwenyewe, akaamuru vijengwe upya ili watoto wapande, bibi wapande, na babu pia wapande. Baadaye maisha yalimgeukia John Lewis. Mali yake iliharibika, akafikia uzee hana kitu. Wakazi wa Richmond wakachangishana kumtunza. Kwangu mimi huo ndio mwisho mwema kabisa wa kesi ile, kwamba waliokuwa wakipita kila siku kwa haki aliyoipigania walijua wanamdai nini.

Kwa hiyo leo ukifika pale, unaingia bila kulipa hata senti. Hakuna tikiti. Hakuna wa kukuuliza unatoka wapi. Ukipita geti la miguu, mkumbuke mtengeneza bia.

Sasa ayala. Nieleze kidogo kwa nyinyi mlioko nyumbani, kwa sababu ayala si swala wala kulungu tunaowafahamu. Swala wetu akiota pembe, pembe ni za maisha. Ayala hubwaga pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, na kati ya ayala wa Richmond ni madume tu wenye pembe. Pembe mpya huanza zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye damu, zinakua miezi michache tu, kisha ngozi inakauka na dume anaikwangua kwenye matawi mpaka iishe. Nguvu na chakula kinachohitajika kuotesha mzigo ule wa mfupa kila mwaka ni vingi mno. Ndiyo maana pembe zilizoanguka haziruhusiwi kuokotwa. Ayala wenyewe huzitafuna ili wapate tena madini yaliyomo.

Hapo tena, mnaona? Gogo liachwe, pembe iachwe. Na uyoga uachwe, na kokwa za mialoni ziachwe, maana ni chakula chao cha kuingilia majira ya baridi. Mgeni anayeona kokwa zimetapakaa chini hudhani hazina mwenyewe. Zina wenyewe.

Ayala wapo kama 630, wa aina mbili. Kuna wekundu, wakubwa, na kuna wadogo zaidi wenye madoa meupe mgongoni wakati wa kiangazi na pembe pana, bapa. Wanatembea huru. Hakuna wavu kati yako na wao, na hilo ndilo linalowapumbaza watu. Mtu anaona mnyama mtulivu anakula majani, anatoa simu, anasogea, anasogea tena, anamweka mtoto mbele apigwe picha. Ndugu zangu, ayala dume mwekundu anaweza kuzidi kilo 200, na kichwani ana silaha. Wasimamizi wanataka ukae mbali naye mita 50. Mita 50 ni nusu ya uwanja wa mpira. Ukiwa karibu kuliko hapo, umeshamkaribia mno, hata kama amekupuuza.

Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tisa mpaka mwezi wa kumi na kuendelea, ni majira yao ya kupandana. Hapo ndipo hifadhi hubadilika sauti. Asubuhi yenye ukungu utasikia mngurumo mzito kutoka bondeni, na mwingine ukijibu kutoka kilimani. Madume hujigaragaza kwenye matope, hubeba makangaga kwenye pembe zao ili waonekane wakubwa zaidi, na wakikutana wenye nguvu sawa hugonganisha pembe na kusukumana. Ni jambo la kwenda kulitazama. Lakini ulitazame kwa mbali, na usijikute kamwe umesimama kati ya madume mawili, au kati ya dume na majike yake.

Halafu kuna mwezi wa tano mpaka wa saba, majira ya kuzaa. Jike humficha mtoto ndani ya makangaga marefu, akaenda kula. Mtoto amelala kimya, hana harufu kali, hatikisiki. Mpita njia mwenye huruma akimwona hudhani ametupwa. Hakutupwa. Mama yake anajua alipo, na huenda anakutazama wewe wakati huo huo akisubiri uondoke. Usimguse. Ondoka. Na kama una mbwa, awe kwenye kamba, kwa sababu mama huyo atampiga mbwa kwa kwato bila kusita.

Kuwalisha je? Hapana. Kanuni zinakataza. Mkate na karoti zinaharibu matumbo yao, na ayala aliyezoea mkono wa mtu huanza kuwafuata watu, kuwasukuma, na mwisho wake ni kuuawa kwa usalama wa wengine. Anayemlisha kwa upendo ndiye anayemhukumu.

Na maadamu nimetaja kuuawa, nisifiche neno. Kila mwaka, hasa mwezi wa kumi na moja na mwezi wa pili, baadhi ya ayala hupunguzwa kwa risasi. Hufanywa na wataalamu, usiku, mageti yakiwa yamefungwa hata kwa watembea kwa miguu. Wapo wanaoumia wakisikia hivyo, na mimi naelewa. Lakini Uingereza haina tena mbwa mwitu. Ndani ya ukuta hakuna wa kuwala, na ukuta hauna pa kutokea. Wakiachwa waongezeke, watamaliza majani, watadhoofika, na msimu mkali wa baridi utawaua kwa njaa, polepole. Mfalme alipojenga ukuta, alijenga na wajibu huu ndani yake, na aliyerithi ukuta amerithi wajibu. Naona ni bora mtu akiambiwa ukweli huo kabla ya kwenda, kuliko kwenda akidhani anaingia peponi.

Ayala nao wana kazi yao. Ni midomo yao iliyolifanya eneo hili libaki nyasi wazi yenye miti iliyosimama mbalimbali. Bila wao, pangekuwa kichaka ndani ya miaka michache. Kwenye nyasi hizo utaona vichuguu vidogo vidogo vya mviringo, maelfu kwa maelfu, vimeota nyasi juu. Ni vya siafu? Hapana, ni vya sisimizi wa manjano wanaoishi chini ya nyasi. Vingine vina umri mkubwa kuliko bibi yako. Kigong'ota wa kijani hushuka hapo, akachokora kwa mdomo na ulimi wake mrefu. Na juu ya miti utawasikia kasuku wa kijani wakipiga kelele. Hawa asili yao ni Bara Hindi na ule ukanda wa Afrika ulio chini ya Sahara. Waliachiwa au walitoroka kwenye vizimba, wakazaana, na sasa wanashindania matundu ya miti na ndege wenyeji. Mtoto wako atawafurahia sana. Mwambie pia kwamba tundu la mti mkongwe ni nyumba inayogombewa.

Vita vikubwa navyo vilipita hapa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sehemu ya nyasi ililimwa ili watu wapate chakula, na mabwawa mawili ya katikati, Pen Ponds, yakakaushwa, kwa kuwa maji yanayong'aa usiku yangewaonyesha marubani wa Ujerumani walipofika. Leo maji yamerudi na mabata wamerudi.

Nitaje na jambo moja linalotuhusu kwa karibu. Ng'ambo ya pili ya mto Thames, mwendo mfupi kutoka hapo, kuna hifadhi nyingine ya ayala, Bushy Park, pembeni ya mji wa Teddington. Kwa miaka mingi wakimbiaji kutoka Kenya wamekuwa wakikaa Teddington majira ya mashindano ya Ulaya na kufanya mazoezi kwenye hifadhi hizi. Mkimbiaji wa Uingereza, Mo Farah, alihamia nyumba moja nao mwaka 2005, na amekuwa akisema wazi kwamba kuishi na Wakenya, kula kama wao na kulala mapema kama wao, ndiko kulikombadilisha. Kwa hiyo usidhani nyasi zile ni ngeni kwa nyayo za kwetu.

Haya, sasa tuseme unakwenda. Unafikaje? Panda treni mpaka Richmond, au reli ya chini ya ardhi, District Line. Kutoka stesheni, basi namba 65 litakushusha karibu na Geti la Petersham. Ukiingia hapo utapanda mlima kidogo. Mwenye magoti mabaya aende polepole, hakuna anayekukimbiza. Juu kuna Pembroke Lodge, nyumba ambamo mwanafalsafa Bertrand Russell alilelewa na bibi yake. Utapata chai, choo, na mandhari ya bonde la mto Thames.

Hatua chache kutoka hapo kuna kilima kidogo, King Henry's Mound. Panda. Kuna darubini. Utaona upenyo umekatwa kwenye miti, na mwisho wa upenyo huo, zaidi ya kilomita 15 huko mbali, kuba la kanisa kuu la St Paul's katikati ya London. Sheria inalinda mstari huo wa macho: haruhusiwi mtu kujenga akauziba. Hata hivyo miaka ya karibuni jengo refu liliinuka huko Stratford, nyuma ya kuba, ng'ambo kabisa, likaharibu anga lililokuwa tupu. Ulinzi haukufika mbali kiasi hicho. John Lewis angelifikiria hilo, naamini.

Chukua chakula chako, tandika mkeka, fanyeni mandari. Lakini nyama choma, hapana. Najua tunavyoipenda, najua siku ya jua London mtu anawaza mkaa kwanza. Moto umekatazwa kabisa humo ndani, na nadhani sasa hamhitaji kuambiwa sababu: magogo makavu, makangaga makavu, mti wa miaka 750 wenye pango ndani. Pikeni nyumbani, mbebe. Takataka zenu mrudi nazo, maana ayala humeza plastiki na zikamuua.

Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu. Ukitoka kwenye nyasi ndefu jikague miguu, kwapa na nyuma ya magoti, na watoto wakague zaidi, kwa sababu kuna kupe, na kupe wa huko wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Ukiona alama nyekundu ya duara inatanuka siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa wapi.

Ukiniuliza mwezi gani, nitakujibu kwa kukuuliza unataka nini. Maua? Nenda mwishoni mwa mwezi wa nne au mwanzo wa mwezi wa tano, uingie kwenye bustani ya Isabella Plantation iliyo ndani ya hifadhi, uzio wake umezuia ayala, na azalea zimejaa kandokando ya vijito. Mngurumo wa madume? Mwezi wa kumi, alfajiri. Na kama unataka kimya, nenda siku ya kazi mwezi wa kwanza, jivike vizuri, uwe karibu peke yako na miti isiyo na majani.

Muda wetu umefika ukingoni. Kwenye kipindi kijacho ningependa tusome barua zenu, nami nina ombi la pekee. Je, kwenu, iwe Pemba au Kisumu, Morogoro au Uvira, kuna njia ya watu iliyozibwa? Njia ya kwendea ufukweni, kisimani, msituni, iliyokuwa ya wote na sasa ina ukuta na mlinzi? Tuandikieni ilikuwa ikipita wapi, ilizibwa lini, na kama yupo aliyekwenda kusimama langoni.